Mguu wa Kulia wa Mtemi Shimba

Maji ya mtemi yalikuwa hayaguswi. Getruda, mpishi wa ikulu, aliyachemsha kwenye sufuria ya peke yake, akayamimina kwenye beseni, akatia chumvi na majani ya mwarobaini, akayakoroga kwa kijiti. Kidole cha mtu hakikuingia humo kabla ya mguu wenyewe. Kidole kinaweza kubeba dawa mbaya, na mtemi akishapatwa miguuni, nchi nzima inachechemea. Ndivyo walivyoamini wazee wa ikulu, na mimi niliyeletwa pale kutunza miguu sikuwa mtu wa kubishana nao.

Jina langu ni Mwanvua binti Msafiri. Marehemu mume wangu, Bilali, alikuwa fundi wa miguu wa Mtemi Shimba kwa miaka tisa. Alikata kucha, akachonga sugu, akatoa funza, akapaka samli kwenye magaga. Alipofariki mwaka hamsini na saba, nilikaa eda yangu, na ilipokwisha wazee wawili walifika nyumbani kwangu Mkolani. Walisema mtemi hataki mkono mgeni. Mkono wangu waliujua, maana kwa miaka ile yote mimi ndiye niliyekuwa nikitunza miguu ya wake zake.

Kabla sijaanza kazi niliapishwa. Niliweka mkono juu ya Msahafu, nikaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba nitakachokiona kwenye miguu ya mtemi sitamwambia kiumbe. Ndalahwa, mkubwa wa wazee wa ikulu, mtu mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini, akauliza, "Hata mwenyewe?"

Nikacheka nikidhani ananitania.

"Mtemi haambiwi kwamba anaumwa," akasema. "Mtemi akiambiwa anaumwa, mvua inasikia."

Basi nikaapa, hata mwenyewe. Kama kuna kasoro, nilifundishwa neno la kusema: "Kiatu kimebana." Kidonda kilikuwa kiatu kimebana, na funza hali kadhalika. Miaka minne neno hilo lilinitosha.

Kila Alhamisi nilipanda basi mjini, nikashuka Kisesa, nikatembea kwa mguu mpaka ikulu. Mtemi alikaa kwenye kiti chake barazani akisikiliza mashauri ya watu, blanketi limemfunika toka magotini hadi chini, beseni liko ndani ya blanketi. Mguu wa kulia ulitangulia siku zote. Wa kushoto uliingia baadaye, maji yakiwa yamekwisha kupoa. Mtemi akitosheka aliutoa mguu mwenyewe, mimi nikaupokea kwa kitambaa mapajani mwangu. Mguu ndio uliokuja kwangu. Mimi sikwenda kwenye maji.

Mwaka sitini na moja jua lilikaa sana. Ng'ombe walikufa wamesimama, watu wakala unga wa njano wa msaada wakiulaani kwa kila tonge. Mtemi naye alianza kukonda. Sikushangaa, nani hakukonda mwaka ule? Alikunywa maji mengi, kibuyu baada ya kibuyu, akawa anakatiza mashauri mara tatu, mara nne, kwenda haja ndogo. Na akaanza kulalamikia beseni.

"Getruda! Haya ni maji ya kuogeshea mtoto?"

Getruda alikuwa mama mnene wa Kisukuma, Mkatoliki, mwenye ulimi mwepesi na jiko lake ndilo heshima yake. Kuambiwa maji yake yamepoa kulimchoma. Alhamisi iliyofuata akayazidisha moto. Mtemi akasema, "Leo afadhali, lakini bado." Akazidisha tena. Kufika mwezi wa tisa alikuwa anayatoa jikoni yakitokota, anakimbia nayo barazani amefunga mikono kwa matambara.

"Dada Mwanvua," aliniambia siku moja akicheka hadi machozi, "mimi nasongea ugali maji yaliyopoa kuliko haya! Huyu ndiye mwanamume. Mume wangu mimi nikimwekea maji ya vuguvugu analia kama ndama."

Ikawa sifa. Watu waliokuja kushtaki walirudi kwao wakisimulia kwamba mtemi anatia mguu kwenye maji yanayochemka na uso wake haukunjami. Wacheza ngoma wakautungia wimbo. Kulikuwa na vijana wa chama waliokuwa wakisema siku za watemi zinakwisha, Uhuru ukija kila mtu atakuwa mtemi nyumbani kwake, na wazee wa ikulu waliwajibu kwa beseni lile: "Nendeni mkatie miguu yenu kwanza."

Mimi nami nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Alhamisi moja mwezi wa kumi niliupokea mguu wa kulia mapajani, na ngozi ya unyayo ikabaki kwenye kitambaa.

Sikupiga kelele. Nilikifunika kitambaa haraka, nikatazama juu. Mtemi alikuwa anamsikiliza mtu wa madai ya mpaka wa shamba, anatikisa kichwa taratibu, anauliza swali. Hakujua. Unyayo ulikuwa mwekundu kama nyama ya buchani, malengelenge yamejaa toka kwenye vidole mpaka katikati, na chini ya kidole gumba palikuwa na tundu la zamani, jeusi, lililojificha ndani ya sugu. Nililigusa pembeni kwa kucha. Nikalibonyeza. Mtemi akaendelea kuuliza habari za mpaka.

Hapo mwili wangu wote ukafa ganzi kana kwamba mguu ule ni wangu. Mtu asiyesikia maumivu mguuni, sisi tulimjua kwa jina moja tu: ukoma. Jina hilo mtu halitamki karibu na mtemi. Na kama si ukoma, basi watasema ni mimi niliyemroga. Nani alikuwa na miguu ile kila Alhamisi? Mjane wa mjini, Mwislamu, mtu wa kuja. Kidole kingenyooshwa kwangu kabla jua halijazama.

"Kiatu kimebana kidogo, Mtemi," nikasema. Sauti ilitoka sawasawa, sijui ilitoka wapi.

"Kiatu gani?" akacheka. "Wiki nzima nimevaa ndara."

Nikapaka dawa ya zambarau, nikafunga kitambaa safi, nikaenda jikoni.

"Getruda, kuanzia leo punguza moto."

"Nipunguze? Mtemi aniite mvivu mbele ya watu? Kamwambie wewe."

"Siwezi kumwambia."

"Basi na mimi siwezi kupunguza." Akanitazama. "Una nini? Mbona umekuwa mweupe kama muhogo?"

Nikamwambia nimefunga, njaa imenishika. Uongo wangu wa kwanza. Nikamwendea Ndalahwa, nikamwonyesha kile kitambaa nyuma ya ghala. Alikitazama muda mrefu.

"Nani mwingine ameona?"

"Hakuna."

"Basi hata sisi hatujaona." Akakichukua, maana kila kinachotoka kwenye mwili wa mtemi kilikuwa mali yao wazee. "Mawingu yameanza kuonekana upande wa ziwa. Mvua ya kwanza ikinyesha, mtemi atakanyaga shamba la ikulu, hatua saba, miguu mitupu kwenye udongo uliolowa. Asipokanyaga yeye hakuna anayepanda, unalijua hilo. Watu wamekaa na mbegu, mama. Wamekula unga wa njano wakaacha mbegu ndani ya vikapu. Unataka wasikie kwamba mguu wa kukanyagia umeoza?"

"Maji, mzee. Angalau maji yapoe."

"Nitasema na jikoni."

Alisema, au hakusema, sijui. Ninachojua ni kwamba Alhamisi iliyofuata maji yaliletwa yamepungua moto, mtemi akatia mguu, akauliza, "Nani amemwaga maji ya kisima humu?" na Getruda akarudi mbio kuyachemsha upya. Mtemi hakusikia moto, hivyo aliutafuta. Mimi nilikaa pale chini nimeshika kitambaa, namwona anaushusha mguu wake kwenye mvuke, na Ndalahwa amesimama nyuma ya kiti ananitazama mimi, hatazami beseni.

Alhamisi ya tatu nzi walianza kuingia chini ya blanketi. Kidole cha pili kilikuwa cheusi. Nilijua harufu ile. Nilikwishaisikia kwa Mwarabu mmoja wa mjini ambaye baba yangu alimtunza miguu: alianza na kidole, ikaja homa, na kwa wiki moja tukamzika yeye na mguu wake. Usingizi ulinikimbia. Nikiswali nilisahau rakaa, nikaanza upya, nikasahau tena. Nikifumba macho nauona unyayo ule. Kama nitanyamaza, atakufa na kiapo changu kitakuwa salama. Kama nitasema, nimevunja neno nililompa Mungu mkono wangu ukiwa juu ya kitabu chake.

Siku ya Jumanne mvua ilinyesha, kubwa, siku nzima. Watu wa Mkolani walitoka nje kulowa makusudi. Mimi nilijifunika khanga mbili nikaenda msikitini mjini kumtafuta Mwalimu Abeid, aliyenifundisha Kurani nikiwa msichana. Alikuwa amezeeka, anashona kofia dirishani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mwanvua. Na mvua yote hii? Kuna msiba?"

"Hakuna. Nina swali la mtu."

"Mtu yupi?"

"Mtu tu, mwalimu."

Akatabasamu, akaendelea kushona. "Haya, mtu tu ana nini?"

"Aliapa kunyamazia jambo. Sasa akinyamaza, mtu mwingine atadhurika. Atakufa."

Akaweka kofia chini. "Ukiapa, kisha ukaona jambo jingine ni bora kuliko lile uliloapia, fanya lililo bora, utoe kafara ya kiapo chako. Hilo si langu, ni la Mtume. Lisha maskini kumi. Huna, funga siku tatu. Mwambie huyo mtu tu kwamba Mungu hakuweka viapo ili watu wafie chini yake."

"Na watu wakimdhuru kwa kusema?"

Akaiokota kofia yake. "Hilo," akasema, "kafara yake sina."

Alhamisi nilifika ikulu viatu vimejaa tope. Baraza lilikuwa limejaa. Ilikwishatangazwa kwamba mtemi atakanyaga shamba Jumamosi, na wakuu wa vijiji walikuwa wamekuja kupokea neno. Getruda akaleta beseni anakimbia. Mtemi akavuta blanketi, akauinua mguu wa kulia.

"Mtemi," nikasema. "Nina ombi."

Ndalahwa akageuka.

"Weka mkono kwanza."

"Mkono wa nani?" akauliza mtemi.

"Wako."

"Mama," akasema Ndalahwa polepole, "maji hayaguswi."

"Hayaguswi na kidole cha mtu mwingine, mzee. Ndivyo nilivyofundishwa hapa hapa. Mkono wa mtemi haukukatazwa." Nilimshukuru Mungu kwamba kazi yangu ni ya kukaa chini.

Mtemi alianza kucheka. Alikuwa mtu wa mzaha, na siku ile alikuwa na furaha ya mvua. "Mke wa Bilali, miaka minne umekaa miguuni kwangu, leo unautamani mkono! Haya, na nikuridhishe." Akainama, akautumbukiza mkono mpaka kwenye kifundo.

Akaruka na kiti chake. Beseni likayumba. "Getruda! Unataka kunichuna kama kuku?"

Watu wakacheka sana. Walidhani ni utani wake, mtemi wao wa maji yanayochemka. Getruda peke yake hakucheka.

"Ndiyo maji ya kila Alhamisi, Mtemi," akasema. "Leo hata yamepoa. Nimechelewa mlangoni kwa ajili ya tope."

Mtemi aliutazama mkono wake, umekwisha kuwa mwekundu. Kisha akaangalia blanketi, pale ulipokuwa mguu. Nikaona akili yake ikishuka kutoka mkononi kwenda mguuni, taratibu, kama mtu anayeteremka kisimani. Kicheko cha watu kilikatika kidogo kidogo.

"Tokeni wote," akasema. "Ndalahwa, wewe baki. Na wewe, mke wa Bilali."

Walipotoka akaniambia nifungue. Alikuwa mtu mwenye tumbo, hata alipokonda, na unyayo wake mwenyewe hakuwahi kuuona miaka mingi. Akaagiza kioo cha kunyolea. Nikamshikia chini ya mguu, akatazama. Nzi wawili walitua, sikuthubutu kuwafukuza.

"Huu ni mguu wa nani?" akauliza.

Nikakisogeza kioo karibu zaidi.

"Tangu lini?"

"Wiki tatu tangu nilipoona, Mtemi. Tundu ni la zamani zaidi."

"Ndalahwa, ulijua?"

"Mtemi haambiwi."

"Mbuzi wangu akichechemea naambiwa siku hiyo hiyo!" Ndiyo mara ya kwanza niliyomsikia akipaza sauti kwa hasira. "Mbuzi!"

Ndalahwa akapiga goti. Mzee yule hakuwa mbaya. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyebeba mzigo mzito akajikuta ameubeba kwenda nyumba siyo. "Niliogopa nchi," akasema.

"Na wewe?" Mtemi akanigeukia. "Uliogopa nini?"

"Niliapa, Mtemi. Na niliogopa shingo yangu. Sijui kipi kilitangulia."

Kisha akauliza kama ni ukoma. Nikamwambia sijui, mimi ni fundi wa kucha na sugu, lakini harufu hii naijua, na aende hospitali leo, si kesho.

"Jumamosi nakanyaga shamba."

"Mtemi, tope likiingia kwenye tundu hili hutaiona Alhamisi nyingine."

"Nisipokanyaga watakaa na mbegu mpaka ziote ndani ya vikapu. Nikienda hospitali kabla, watasema mvua imemvunja mguu mtemi. Unawajua watu?" Akajifuta jasho. Nilipomtazama vizuri niliona ana homa tayari. "Siku mbili. Utanipa siku mbili?"

Nilitaka kusema siku si zangu za kutoa. Nikasema, "Kwa viatu."

"Haiwezekani," akasema Ndalahwa. "Miguu mitupu. Tangu babu yake babu yake."

"Basi mkanyagishe maiti."

Nilisema hivyo, na nikaziba mdomo. Lakini mtemi alikuwa anafikiri. Ghalani kulikuwa na mabuti ya mpira, marefu, aliyopewa na bwana shamba mwaka ule wa pamba nyingi, hajawahi kuyavaa. Akaagiza yaletwe.

Sikurudi Mkolani. Nililala kwa Getruda siku zile mbili. Asubuhi, mchana na jioni nilikiosha kidonda kwa maji ya chumvi niliyoyapima mwenyewe kwa kiwiko, na hakuna aliyenikataza tena. Getruda alinisaidia kushika taa na matambara, analia bila sauti. "Mimi ndiye niliyempika," alisema, "kwa mikono yangu, na wimbo nikauimba." Nikampa tambara ajifute.

Jumamosi asubuhi nilimfunga bandeji tatu. Juu yake nikavika mpira wa ndani wa baiskeli nilioupasua na kuukaza kwa kamba, ili tope likiingia kwenye buti lisifike kwenye nyama. Mguu ulikuwa umevimba, buti lilipita kwa shida. Na hapo hofu mpya ikanishika: mguu usiosikia hautajua kama umo ndani ya buti au umetoka. Tope la siku nne za mvua linavua hata kwato. Buti likibaki shambani mbele ya watu, mtemi atapiga hatua kwa zile bandeji na mpira wa baiskeli, na hatajua.

"Angalia chini kila hatua," nikamwambia.

"Mtemi haangalii chini siku hiyo."

"Angalia."

Watu walikuwa wamejipanga kuzunguka shamba, mamia, vikapu vya mbegu vichwani. Walipoyaona mabuti, kelele zote zilikatika. Nilisimama na wanawake wa jikoni. Mtemi aliegemea mkuki wake, akaingia.

Hatua ya kwanza. Ya pili. Mvua ilikuwa nyepesi inamlowesha mabegani. Ya tatu alitazama chini, nikasikia watu wakivuta pumzi. Hatua ya nne buti la kulia lilizama. Alivuta. Halikuja. Akavuta tena, na niliona goti linapanda na buti haliendi nalo, shingo ya buti inajikunja, na yeye anatazama mbele, anataka kupiga hatua, hajui.

"Mtemi!" nikaita. Mwanamke kumwita mtemi shambani, jambo lile halikuwapo.

Akatazama chini. Akaurudisha mguu ndani, akauzungusha taratibu, akakita mkuki, akalitoa buti lote kwa mlio kama wa ng'ombe anayejitoa bwawani. Tano. Sita. Saba.

Bibi mmoja wa upande wa pili, kibogoyo, akasema kwa sauti ya watu wasiosikia vizuri, "Mbona mtemi kavaa mabuti?"

Nilimwona Ndalahwa akifumba macho.

"Wewe bibi nawe!" mwanamke mwingine akamjibu. "Si ndiyo Uhuru wenyewe? Unakuja mwezi ujao, ulitaka aupokee peku peku?"

Kicheko kikalipuka. Mwingine akasema kama mtemi amevaa mabuti basi na yeye mumewe amnunulie, mwingine akapiga kigelegele, na kabla wazee hawajatoa ruhusa watu walikwishaingia mashambani mwao na majembe. Walipanda siku ile mpaka mvua ikawafukuza. Vijana wa chama nao walipanda.

Mtemi alianguka alipofika nyuma ya ghala.

Tulimpakia kwenye gari la utemi, mimi, Ndalahwa na dereva. Njia nzima alisema maneno yasiyoungana. Mito ilijaa, tulisukuma gari mara mbili, mimi nimejifunga khanga kiunoni kama mwanamume. Mjini ziwa lilikuwa limepanda mpaka kwenye mawe ambayo sijawahi kuyaona yamelowa. Hospitali walichukua mkojo wake, damu yake, wakamwekea maji ya mshipani na sindano za dawa. Jumatatu, mimi nikiwa kwenye funga yangu ya kwanza ya zile tatu za kafara, muuguzi akatoka kutuambia. Aliitwa Bernadeta, mama wa makamo, mwenye miwani na mikono mipana.

"Si ukoma," akasema. "Ni sukari. Ugonjwa wa sukari unaua miguu taratibu, mtu hasikii. Homa imeanza kushuka, lakini daktari atakata. Swali ni wapi."

"Wapi?" Ndalahwa akarudia.

"Vidole, au nusu ya mguu, au chini ya goti. Anakata pale penye uhai. Ingieni, mtulize mzee wenu, anatuogopeshea wagonjwa."

Daktari alisimama na kalamu ya wino mkononi. Bernadeta alikuwa na pini. Aliniambia kwa sauti ndogo kwamba chini ya goti ni magongo maisha yote, na wenye sukari wengi wakikatwa hapo hawamalizi mwaka.

"Mzee, nikikuchoma useme," akamwambia mtemi kwa Kisukuma.

Mtemi alikuwa ameamka, amekaa, macho makali. Alijua kinachotafutwa. Bernadeta akachoma kidole gumba.

"Nasikia," akasema mtemi.

Daktari akatikisa kichwa. "Anaiona pini. Mfunike."

Wakamwekea taulo usoni. Bernadeta akasubiri, hakugusa kitu.

"Hapo!" akasema mtemi. "Hapo nasikia!"

"Mzee, sijakugusa."

Nilimsogelea, nikakaa sakafuni pembeni ya kitanda, mahali nilipopazoea. "Mtemi," nikasema, "usiwasaidie. Acha mguu useme wenyewe."

Kidole gumba, kimya. Cha pili, cha tatu. Kitako cha vidole, kimya. Bernadeta alipanda polepole, akiacha vitone vidogo vya damu, na damu ile daktari aliiangalia kwa makini kuliko uso wa mtu. Katikati ya unyayo, kimya. Nilikuwa nasoma kila nilichokijua, na nilichokijua kilinishinda, nikabaki na Ya Rabbi, Ya Rabbi. Ndalahwa alikuwa amekipa kitanda mgongo, ameshika chuma cha dirisha.

Upinde wa mguu. Kimya. Bernadeta alinitazama, akatazama kifundo, akasogeza pini upana wa vidole viwili, akachoma.

Mguu uliruka. Uliruka kabla mtemi hajasema neno, ukampiga Bernadeta kwenye miwani.

"Mayu!" mtemi akamlilia mama yake. "Mwanamke gani wewe!"

"Tena," akasema daktari.

Akachoma tena, pembeni kidogo, na mtemi akatukana tukano ambalo siwezi kuliandika. Bernadeta alikuwa anacheka, miwani imekaa upande. Daktari akainama na kalamu yake, akachora mstari mweusi wa kukatia, mbele kidogo ya pale pini ilipoingia, toka upande huu hadi upande ule, na kisigino kikabaki upande wa mtemi.